Siku Ndogo Ukutani

Wapendwa, leo mniruhusu niwapeleke mbali kidogo, mpaka Italia, halafu nitawarudisha kabla maharage mliyoyaacha jikoni hayajaungua. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asinisubiri pale mlangoni baada ya misa aniulize jina la mchoraji au jina la kanisa. Sina. Nina ukuta mmoja na ndugu wawili, basi.

Mafundi ujenzi mpo? Naona mikono miwili mitatu. Wengine mnaona haya, kama vile hatuwajui. Nyoosheni tu, maana leo wasomi watawategemea nyinyi. Asiyejua lipu ataupoteza mfano huu katikati ya njia.

Zamani, miaka mia nne na zaidi iliyopita, katika mji mmoja mdogo wa kilimani, walizaliwa ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja. Baba yao alikuwa mchoma chokaa. Yule mkubwa alizaliwa na mkono wa ajabu. Alikuwa akiokota kipande cha mkaa anachora mbuzi ukutani, na mama yake akiingia na mboga anamfukuza yule mbuzi kwa fagio. Mdogo hakujaliwa mkono huo. Yeye akichora mbuzi, watu waliuliza kama ni kigoda. Lakini alimpenda kaka yake mapenzi yale ya watoto wadogo, ya kumfuata mtu kila aendako mpaka anafungiwa mlango.

Kaka alipokua kidogo, akapelekwa mjini kwa bwana mmoja mchoraji akajifunze kazi. Msidhani alipewa brashi siku ya kwanza. Alianza kwa kusaga rangi kwenye jiwe, na kuchemsha gundi, na kupokea makofi gundi ikiungua. Baadaye akaruhusiwa kuchora nyasi. Kisha akapewa miguu ya watu wa nyuma, wale ambao hakuna anayewatazama. Ilipita miaka mingi kabla hajapewa uso. Lakini alipopewa uso, bwana wake alisimama nyuma yake akaiweka chini brashi yake mwenyewe, na tangu hapo hakurudishwa tena kwenye nyasi.

Akatoka pale fundi kamili. Na jambo la kwanza alilolifanya, hakwenda kutafuta kazi. Alirudi nyumbani, akamkuta mdogo wake amejaa vumbi la chokaa, akamwambia, "Mimi nitachora, wewe utanipigia lipu. Simtaki mtu mwingine." Mdogo mtu alifunga nguo zake mchana uleule.

Sasa mtaniuliza, mchoraji na lipu wapi na wapi? Hapa ndipo nilipowaitia mafundi. Watu wa kule, walipotaka kupamba kuta za kanisa, hawakupaka rangi juu ya ukuta mkavu kama tulivyopaka sisi ile nyota yetu pale juu ya madhabahu, ambayo imebakiza pembe tatu. Wao walichora juu ya lipu mbichi. Lipu ya chokaa na mchanga ikiwa bado ina maji, inainywa rangi. Vikikauka vimekauka pamoja, rangi na ukuta ni kitu kimoja, na mjukuu wako atakuja kuuona mchoro ule ukiwa vilevile. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba lipu haimsubiri mtu. Ikishakauka haipokei tena. Unaweza kulazimisha rangi juu yake, ndiyo, lakini itabanduka, kama nyota yetu.

Basi walifanyaje? Kila alfajiri mpiga lipu alipanda kwanza kwenye jukwaa la mbao mbele ya ukuta, akapiga kipande kile tu ambacho mchoraji ataweza kukimaliza kabla hakijakauka. Kipande cha kazi ya leo, basi. Kesho atapiga kingine kando yake, ataunganisha vizuri, na mtu akisimama chini haoni pa kuungia. Na kipande hicho, wapendwa, mafundi wale walikiita siku. Ndiyo, siku. Mchoraji alikuwa akisema, "Leo nipigie siku kubwa, ni mawingu matupu." Au, "Leo siku iwe ndogo, nina uso wa Mama Maria." Kwa hiyo aliyeshika mwiko ilimbidi amjue mwenye brashi. Ajue mkono wake una kasi gani. Ajue kama amelala vizuri, kama ana homa, kama amegombana na mke wake. Akikosea, akampigia mwenzake siku kubwa kuliko nguvu zake, jioni itawakuta na ukuta uliokufa, na kesho yake ni kushika patasi na kubandua.

Ndugu hawa wawili walizunguka pamoja tangu ujanani. Walichora makanisa, walichora ukumbi wa askofu, walichora chumba cha tajiri mmoja aliyetaka malaika wote wafanane na binti zake. Jina la kaka likavuma. Watu walimsifu kwa nyuso zake, lakini sifa iliyompendeza kuliko zote ilikuwa ile waliyompa mafundi wenzake. Walisema, "Hakuna mwenye siku kubwa kama zake." Maana kazi ambayo wengine waliila kidogo kidogo, yeye aliimaliza jua likiwa bado juu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakulitia maji tembo. Alizinywa mwenyewe, zile sifa, mpaka zikamlevya.

Na kila jioni, akishuka jukwaani, aliuliza neno moja. "Nimeimaliza?" Mdogo mtu alikuwa akigusa lipu kwa kidole, anajibu, "Umeimaliza, kaka, na bado ni mbichi." Ndipo wanakwenda kula.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wakazeeka. Na kazi waliyoipata uzeeni ndiyo kazi waliyoitamani maisha yao yote: ukuta mkubwa nyuma ya madhabahu katika kanisa la kwao, kanisa walikobatizwa, ambako mama yao amezikwa pale nje. Waliombwa wamchore Bwana akiwalisha makutano. Umati mzima, nyuso kwa nyuso, mpaka mlimani. Mchoraji alimwambia mdogo wake, "Nikiumaliza ukuta huu kwa mkono wangu, sina deni tena na dunia." Alikuwa anaogopa jambo moja tu. Katika mji wa jirani kulikuwa na mchoraji mwingine, mwenye nguvu zake, na wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kumtajataja. Ingejulikana tu kwamba mkono wa mzee umepungua, ukuta angepewa yule.

Alianza na mbingu, upande wa kushoto, na mbingu ilikwenda vizuri. Akaingia milimani. Akafika kwenye watu. Na hapo mkono ukaanza kutetemeka kidogo. Macho yakataka mwanga zaidi. Akawa anakaa chini kila baada ya muda, anasema anafikiri.

Mdogo mtu aliyaona yote hayo kutoka chini. Angefanyaje? Nyinyi mnajua kwetu jinsi ilivyo vigumu kumwambia mkubwa wako kwamba amezeeka. Hata kule Italia kaka ni kaka. Alipanda alfajiri na mwiko wake, akapiga lipu kama kawaida, ila siku ile aliifupisha pembeni, kwa upana wa kanga iliyokunjwa. Jioni kaka akashuka. "Nimeimaliza?" "Umeimaliza, kaka, na bado ni mbichi." Mzee akacheka. Akaukunjua mkono wake mbele ya uso, akautazama. "Unaona? Mkono bado ni uleule."

"Ni uleule, kaka."

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, huyo mdogo ni mwongo. Taratibu. Haukuwa mkono uleule? Ni ule uliomshika utotoni asianguke wakivuka mto, ni ule uliokuja kumtoa kwenye vumbi la chokaa. Kama kuna mkono ambao yule mtu aliujua, ni ule.

Basi siku zikawa zinapungua hivyo, bila mwenyewe kujua. Ile iliyokuwa kubwa kama mlango ikawa kama dirisha. Ya dirisha ikawa kama sinia. Kila jioni mzee alimaliza, kila jioni alishuka amefurahi, na usiku alikula akasimulia habari za zamani. Ila hesabu ya ukuta haidanganyiki. Vipande vikiwa vidogo, kazi inakwenda polepole. Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kanisa ikawa inakaribia, na umati wa watu ukutani bado ulikuwa nusu, wengine wana vichwa, wengine hawajazaliwa.

Paroko akaja na wazee wa kanisa. Walisimama chini, wakatazama juu, wakakohoa kama wanavyokohoa wazee wa kanisa. Kisha paroko akasema kwa upole, "Bwana fundi, haraka haraka haina baraka, tunajua. Lakini mbona kazi haisogei?"

Mchoraji akajibu alivyoamini. Hakudanganya, wapendwa, naomba mlielewe hilo. Aliamini kabisa. Alisema, "Baba, mimi kila siku naimaliza siku yangu, na lipu bado mbichi. Mwulizeni mwenye mwiko. Ananipigia vipande vya kitoto. Nadhani amechoka, na uvivu umemwingia."

Mdogo mtu alikuwa amesimama palepale, karai la chokaa begani. Wote wakamgeukia.

"Ni kweli?" akauliza paroko.

Akalitua karai chini. "Ni kweli, baba," akasema. "Ucheleweshaji umetoka kwenye mwiko wangu."

Wazee wakashauriana pembeni. Wakamwambia, bila ukali, kwamba ametumika sana, apumzike sasa, wao watatafuta fundi mwingine wa lipu. Na mchoraji? Alikuwa anapangusa brashi iliyokuwa safi. Mdogo wake akaosha mwiko, akaufuta kwa kitambaa, akamgeukia kaka yake. "Chokaa iliyolowekwa kwenye shimo la nyuma ndiyo iliyoiva," akasema. "Wasikupigie ile ya mbele, bado ina ukali, itakuunguza macho." Kisha akaenda zake nyumbani.

Niwaulize, mmewahi kufukuzwa kwa sababu ya wema wenu? Mmewahi kubeba lawama kwenye mkutano, na mnajua neno moja tu lingewaweka huru, mkalimeza? Basi mnaujua uzito wa miguu yake akishuka mlima kutoka kanisani.

Akaja fundi mpya, mtu wa makamo, mabega mapana, kazi yake nzuri. Mchoraji akamwambia, "Nipigie siku kubwa, kama zangu za zamani." Yule bwana hakuwa na neno. Aliambiwa kubwa, akapiga kubwa, kama mlango, laini, imenyooka. Mzee akapanda anatabasamu. Siku ile alitakiwa kuchora mama mmoja amembeba mtoto, na watu safu nzima nyuma yao. Mpaka jua linafika utosini alikuwa amemaliza kitambaa cha kichwa cha yule mama. Alasiri akawa kwenye shavu la mtoto. Kisha brashi ikaanza kukwama, rangi ikakaa juu juu badala ya kuingia. Akasukuma kwa nguvu. Ukuta ukakataa.

Fundi mpya akagusa kwa kidole. "Mzee, lipu imekufa," akasema.

Kesho yake wakabandua, wakapiga upya. Ikafa tena. Mzee akasema chokaa ni mbaya. Fundi akamjibu pasipo ubaya wowote, "Mzee wangu, chokaa ni ile ya shimo la nyuma, aliyoisema ndugu yako." Wakapiga tena. Safari hii mtoto alipata jicho moja tu.

Alasiri ile mzee alimwambia fundi aende nyumbani, akabaki peke yake jukwaani na patasi, kumbandua yule mtoto wa jicho moja. Jua lilikuwa limeshuka, likaingia kwa dirisha la pembeni karibu na madhabahu, likaupiga ukuta kwa upande. Mafundi mnajua mwanga wa upande unavyofanya. Ukuta unaoonekana umenyooka mchana kutwa, ukipigwa na mwanga wa upande unatoa siri zake zote, kila palipounganishwa, kila mwiko ulipopita. Mzee akaziona siku zake zote, zimepangana, kuanzia mwanzo wa ukuta mpaka hapo alipofikia.

Akaanza kuzifuata kwa mkono. Alirudi mpaka kwenye mbingu. Pale alinyoosha mikono yote miwili na hakufika ukingoni. Akaja milimani, bado kubwa. Akafika kwenye watu, na hapo siku zikaanza kusinyaa. Mkono mmoja ukatosha. Kisha nusu ya mkono. Zile za mwisho aliweza kuzifunika kwa viganja vyake. Na hazikukatwa ovyo. Moja ilikatwa kwa kufuata mkunjo wa nguo, nyingine kwa kufuata ukingo wa nywele, ili mtu wa chini asione. Kila moja iliishia palepale nguvu zake zilipoishia siku ile. Akaitambua siku aliyokuwa na homa. Akaitambua na siku ile aliyoshuka jukwaani anaimba, akijiona amekuwa kijana tena. Ilikuwa ndogo kama sahani.

Mzee wa watu alikaa kwenye mbao za jukwaa akalia. Alilia kwa aibu kwanza. Kisha akalia kwa kitu kingine, ambacho mimi siwezi kukiita isipokuwa kupendwa. Mtu akigundua kwamba amependwa muda mrefu bila kujua, inauma.

Akatelemka mlima, akamkuta mdogo wake amekaa kizingitini anamenya maharage. Hakusalimia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, kaka?"

"Kwamba nimekwisha."

"Hujakwisha. Ulihitaji siku ndogo tu, na mwiko ninao mimi."

"Nilikuita mvivu mbele za watu."

"Nilisikia. Masikio bado mazima." Akasogea kidogo pale kizingitini, akampa nafasi ya kukaa. "Kaka, kila jioni ulikuwa unashuka umefurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nakingojea mimi tangu asubuhi. Sasa ningekivunja ili paroko anisifu?"

Mzee akakaa. Akachota maharage, akaanza kumenya naye, kwa vidole vile vinavyotetemeka, na hakuvificha.

Jumapili iliyofuata, watu wote wakiwa kanisani, yule mchoraji alisimama mbele ya ukuta wake mwenyewe. Mnakumbuka alichokuwa akikiogopa kuliko vyote. Akakisema kwa mdomo wake. "Aliyeuchelewesha ukuta huu ni mimi. Mkono wangu umezeeka. Ndugu yangu alinifichia aibu, nami nikamwaibisha. Mkitaka kumpa mchoraji mwingine, mpeni, ni haki yenu. Nikibaki mimi, nabaki na ndugu yangu, na siku zetu zitakuwa ndogo."

Paroko akautazama ukuta, akawatazama wale ndugu wawili. Akasema, "Sikukuu itakuja na mwakani."

Kesho yake alfajiri walipanda pamoja, wakisaidiana ngazi. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yao yule mdogo akauliza wazi, "Nikupigie kiasi gani leo, kaka?" Mzee akaonyesha kwa vidole. Kipande cha mkono mmoja tu, mkono wa mtu kwenye umati anayepokea mkate. Wakapiga hicho. Jioni kilikuwa kimekwisha, na bado kibichi. Kama waliumaliza ukuta wote kabla ya kufa, hilo mimi niliyeutunga mfano sijui, na silioni kama ni la maana.

Sasa tumerudi nyumbani, na mtu asianze kutafuta viatu. Najua mlichofanya mlipokuwa mnasikiliza. Kila mmoja amejichagulia nafasi. Wengi wenu mmejifanya yule mdogo, mpole, aliyeonewa. Wachache wanyenyekevu wamejiona ndio mchoraji. Lakini hakuna hata mmoja aliyejiona ndiye yule fundi mpya. Nawauliza, alikuwa na kosa gani yule bwana? Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, lipu yake ilinyooka. Kosa lake lilikuwa moja. Aliambiwa ukubwa wa kazi, naye akaipiga kazi, hakumtazama mtu.

Ndivyo tunavyofanya sisi. Mjane bado hajatoa hata viatu vya marehemu mlangoni, tunamwambia jikaze, maisha yaendelee. Tumempigia siku kubwa kama mlango. Mwenzetu nguvu alizonazo leo ni za kuamka na kuchemsha chai, basi, na akichemsha hiyo chai amemaliza. Baba anajaribu kuacha pombe, tunamtaka aape mbele ya jumuiya kwamba hatagusa mpaka kufa. Ampe Mungu jioni ya leo, jamani. Kesho tutapiga nyingine. Mama mzee anachambua mchele tangu asubuhi, wewe mkwe unaunyakua ule ungo, unasema, lete mama, nimalizie. Hujamsaidia. Umemwambia amekwisha. Ungemwekea mchele kidogo ndani ya ungo, angeumaliza, angesimama amefurahi, na wewe ungesema asante mama, na usingekuwa umedanganya.

Lakini hilo ni nusu ya neno langu, na ni nusu rahisi. Sikilizeni hii nyingine.

Sisi tukipiga magoti asubuhi tunamwomba Mungu ukuta mzima. Tunataka mtoto apone leo, shamba lizae leo, ndoa inyooke leo. Yeye anaitazama mikono yetu. Anajua inavyotetemeka, hata tukiificha mfukoni. Anatupigia kipande, kile tutakachokiweza mpaka jioni. Tunakimaliza, tunajisifu kwamba mkono ni uleule. Halafu tunakaa kibarazani, wageni wapo, watoto wanasikia, tunasema, Mungu amechelewa. Mungu hanioni. Mungu amenisahau mimi. Tunamwita mvivu mbele za watu, wapendwa. Na Yeye, ambaye neno moja tu lingetuaibisha, ananyamaza. Analibeba. Yuko msalabani pale juu mnamwona, na hata pale aliambiwa ajitetee, na hakujitetea.

Basi kama umefika leo hapa na miguu yako, baada ya mwaka mgumu kama huu tulioupitia, usiseme upesi kwamba wewe ni hodari. Kuna aliyekupunguzia. Yuko Mungu, na karibu kila mara yuko na mtu, mtu wa nyumbani kwako, anayeamka kabla yako, ambaye umezoea kumlaumu kwamba anachelewesha mambo. Mtafute. Ukimpata usimpe hotuba, hotuba ni kazi yangu. Mshukuru, lakini usimshukuru chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mshukuru watu wakiwepo, maana tulipomlaumu watu walikuwepo.

Tunyamaze kidogo sasa, kila mtu amtaje wake kwa jina, moyoni.